Datsun ya Baba Mkwe

Datsun ya baba mkwe ndiyo inayotulisha. Kabichi, karoti na mapeasi yetu hushuka nayo kutoka huku juu ya Soni hadi Mombo, kwenye barabara kuu, ambako wafanyabiashara wa Dar es Salaam huyapakia kwenye malori yao. Ikirudi hupanda na mbolea, saruji, chumvi na jirani yeyote aliyeachwa na basi. Ni Datsun 1200, pikapu ndogo iliyoanza kuundwa Japani mwaka 1971. Mwenzake mwenye injini kubwa zaidi, Nissan 1400, aliendelea kutoka kiwandani Afrika Kusini hadi 2008, ndiyo maana spea bado zinapatikana ukiwa na subira. Injini yake ni ya cc 1,171. Haina kompyuta wala sensa. Kinachoamua cheche itoke saa ngapi ni vyuma, springi, kipande cha fiba na mrija mmoja wa mpira, na mtu mwenye spana na macho mazima anaweza kuvikagua vyote kwa jioni moja.

Ilianza kudhoofika mwezi wa Juni, baridi ya Usambara ikiwa imeshika. Ilikuwa ikipanda kutoka Mombo kwa gia ya tatu sehemu nyingi. Sasa ikawa inaomba ya pili, halafu ya kwanza, na ikifika Soni maji ya rejeta yanachemka. Petroli iliyokuwa ikitosha kwenda na kurudi ikawa inaishia njiani. Na kwa kuwa kila mlo wetu unapita kwenye bodi ya gari lile, hakuna aliyekaa kimya.

Baba mkwe alisema ni petroli. Kwa maneno yake, tangu waiondolee risasi, injini za zamani hazijapata haki yake. Ana sehemu ya ukweli: risasi ilitiwa kwenye petroli ili kuzuia injini isigonge, na nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo ilipofika Januari 2006. Lakini Datsun hiyohiyo imekula petroli isiyo na risasi miaka yote hii na ikapanda milima bila kulalamika. Mume wangu alisema ni kabureta. Akaifungua, akapuliza jeti, akairudisha, na gari lilipokataa kupata nguvu akalegeza skrubu ya mafuta ili linywe zaidi. Shemeji, mdogo wake, alisema ni rejeta, akaing'oa thamostati na kuitupa. Binti yetu wa darasa la sita hakusema ni nini. Alisema tu kwamba usiku ule walipochelewa kurudi kutoka Lushoto, baba yake alipofungua boneti ili kuongeza maji, aliona bomba la moshi pale linapotoka kwenye injini limekuwa jekundu kama kaa la moto. Mama mkwe, ambaye kiti cha mbele ni chake siku zote, alisema gari linachelewa. Ukilikanyaga, linafikiri kwanza.

Nilikaa na maneno ya wale wawili wa mwisho. Bomba jekundu, na gari linalochelewa.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi katika karakana ya shamba la mkonge, Korogwe, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia taa. Aliniachia kopo la maziwa ya unga lenye fila geji, tupa ndogo na balbu ya taa ya nyuma iliyounganishwa na nyaya mbili. Kutoka kwake ninajua hivi: petroli na hewa zikiwashwa ndani ya silinda, haziwaki zote kwa mara moja. Moto unaanzia kwenye plagi na kusambaa. Krankshafti ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inapita digrii 18,000 katika sekunde moja, kwa hiyo ukisubiri pistoni ifike juu kabisa ndipo utoe cheche, moto utashika wakati pistoni imeshakimbia chini. Cheche lazima itangulie. Kwa injini za aina hii, ikiunguruma taratibu bila mzigo, hutangulia kwa digrii 5 hadi 10 hivi. Mwendo ukipanda, vyuma viwili vyenye springi ndani ya distributa, inayogawa cheche kwa plagi, hutanuka na kuitanguliza zaidi, na ule mrija unaovuta hewa kwenye kabureta huongeza tena kidogo pale unapokanyaga mafuta kwa upole. Cheche ikitangulia kupita kiasi, injini inagonga, na ikigonga sana inatoboa pistoni. Ikichelewa, mchanganyiko bado unaungua wakati valvu ya moshi inafunguka. Joto ambalo lingesukuma gari linakwenda kwenye bomba na kwenye maji ya rejeta.

Nilimweleza mama mkwe tukiwa jikoni. Akaniangalia, akasema: "Si ndiyo kutwanga kinu kimoja kwa michi miwili? Mwenzio akichelewa, mnagombana na kinu badala ya mahindi." Sijasikia taimingi ikielezwa vizuri zaidi ya hapo, hata karakana.

Basi nilisema mezani kwamba tuangalie pointi. Pointi ni vile vichuma viwili vidogo ndani ya distributa vinavyofungana na kuachana. Kila vinapoachana, koili inatoa cheche. Kinachoviachanisha ni kisigino kidogo cha fiba kinachosuguana na kamu inayozunguka. Kisigino kikilika, pengo linapungua, pointi zinachelewa kuachana, na cheche inachelewa. Hakuna sauti inayokuonya, na wala gari halizimiki ghafla. Linazeeka tu, na watu wa nyumbani wanazoea.

Baba mkwe alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mwanangu, wewe ni mkaza mwana wa nyumba hii. Watu wakipita barabarani wakakuona umeinamia injini, watasema sina watoto wa kiume." Akaitwa fundi.

Mambo yalikuwa yameshaingiliana na posa. Wifi yangu, ambaye ni muuguzi wa zahanati, alikuwa amepata mchumba, na wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kutoka Mlalo siku ya Jumamosi. Viti na turubai vilikuwa mjini Lushoto, soda ziko Soni, na gari la kuvileta ni lilelile. Fundi alikuja Ijumaa mchana. Simtaji, wala simwoni kuwa mtu mbaya. Alikuja na mkoba mzito na mikono ya mtu aliyefanya kazi maisha yake yote. Alisikiliza injini, akasema taimingi imehama, na hapo alikuwa sahihi. Akaigeuza puli ya mbele hadi alama yake ikakutana na alama ya kilele kwenye kava, akang'oa nyaya zote za plagi, akaanza kuzipanga upya akianzia na silinda ya kwanza pale rota inayozunguka ndani ya distributa ilipokuwa imeelekea.

Tatizo ni kwamba alama ile inajitokeza mara mbili. Krankshafti huzunguka mara mbili ndipo silinda imalize kazi yake: pistoni inafika juu ikiwa imebana mchanganyiko, tayari kuwashwa, na inafika juu tena ikiwa imemaliza kusukuma moshi nje, valvu ya kuingizia inaanza kufunguka. Kwenye puli hali hizo mbili zinafanana kabisa. Usipohakikisha mgandamizo, unaweza kuweka cheche mahali ambapo mlango wa kabureta uko wazi. Ndivyo ilivyotokea.

Stata ikapigwa. Injini ikazunguka bila kushika. Fundi akaomba petroli kwenye chupa ya soda, akamkabidhi shemeji, akamwambia amimine kidogokidogo kwenye koo la kabureta huku mume wangu akiendelea kupiga stata.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu nimeliona jambo hili katika gereji nyingi na linanichoma. Usimimine petroli kwenye kabureta wakati stata inapigwa. Kama cheche iko mahali pake, injini haihitaji chupa. Kama haiko mahali pake, moto unarudi kwa njia ileile ya petroli, na mwisho wa njia hiyo ni mkono wa mtoto wa mwenzio.

Mlipuko wa kwanza uliinua kuku wote wa uwanjani. Mshenga, aliyekuwa amekuja mapema kuhakikisha mipango na ameketi barazani na kikombe cha kahawa, alisimama. Mlipuko wa pili ulitoa ulimi wa moto kwenye kabureta, ukashika chupa. Shemeji aliitupa, ikaangukia nyasi, nyasi zikawaka. Mama mkwe alitoka jikoni na gunia bichi alilokuwa amefunikia mboga, akalitupa juu ya kabureta, akalirudia, akalipiga kwenye nyasi mpaka pakatoka mvuke tu. Yote hayo kabla sisi wengine hatujaamua kukimbilia wapi. Shemeji alipoteza nyusi na nywele za mbele, ngozi ikabaki salama. Mshenga tulimkuta migombani. Majirani walikuja na majembe, wengine wakidhani ni majambazi.

Fundi aliinamia injini kwa muda, akasema valvu zimeungua, injini ishushwe. Baba mkwe akamlipa nauli. Ukimya uliofuata ndio ulioniumiza kuliko moto, maana kila mmoja alikuwa anahesabu kimoyomoyo: viti, turubai, soda, wageni, na baada ya wageni kabichi zilizokwisha kukatwa. Kushusha injini ni fedha ya msimu mzima. Mume wangu akasema tuazime gari. Kwa nani, hakusema.

Mama mkwe ndiye aliyezungumza. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mumewe. "Baba Mzee," alisema, "mwache mtoto wa watu afungue boneti. Usiku hakuna wapita njia."

Tulianza baada ya sala ya isha. Mume wangu alishika taa. Kwanza nilifunga swichi na kutoa plagi zote nne. Zilikuwa nyeusi, zina masizi makavu, matokeo ya ile skrubu iliyolegezwa. Binti akakaa na brashi ya waya kuzisafisha. Kisha nikafungua kifuniko cha distributa. Kamu ilikuwa kavu, haina hata dalili ya grisi, na kisigino cha fiba kimelika hadi kimekuwa bapa. Kitabu kinataka pengo la milimita 0.45 hadi 0.55. Jani la fila geji la 0.25 lilipita kwa kubana. Nikampa baba mkwe, aliyekuwa amesogea bila kusema neno, alipitishe mwenyewe. Alilipitisha, akalitoa, akalisogeza karibu na taa kusoma namba. Akarudia.

Pointi mpya hatukuwa nazo. Nilizing'oa za zamani, nikasawazisha kwa tupa kile kichuguu kidogo kinachojijenga upande mmoja, nikazirudisha, nikageuza injini hadi kisigino kikakaa juu ya kilele cha kamu, nikaweka pengo la 0.50 na kupaka grisi kiasi cha punje ya mchele. Marehemu baba alikuwa mkali sana juu ya mpangilio huu: pengo kwanza, taimingi baadaye, kabureta mwisho. Ukiweka taimingi kisha ukagusa pengo, taimingi imehama tena, kwa sababu pengo lenyewe ndilo linalosema pointi ziachane lini.

Halafu tukahitaji dole gumba. Silinda ya kwanza ya Datsun ni ile ya mbele, upande wa rejeta. Mama mkwe alipanda juu ya kreti ya soda, akaziba tundu la plagi kwa dole gumba lake, na mimi nikashika spana kwenye bolti ya puli na kuigeuza taratibu, kwa upande inakozunguka injini. Pistoni ikapanda. "Hakuna kitu," alisema. Alama ikapita. Nikaendelea kugeuza, mzunguko mzima, na safari hii akashtuka: "Inanisukuma! Inanisukuma kidole!" Upepo ukamponyoka chini ya dole kwa sauti ya mluzi. Ile ndiyo ilikuwa nafasi ya kweli. Nilitazama rota. Ilikuwa imeelekea kwenye waya wa silinda ya nne.

Kwa hiyo valvu hazikuungua. Cheche ilikuwa imegeuzwa nusu mzunguko wa distributa, basi. Injini hii huwasha kwa mpangilio wa moja, tatu, nne, mbili; nikabadilishana waya wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu, na kila silinda ikapata cheche yake.

Iliyobaki ni kazi ya balbu. Binti alipaka chaki ya shule kwenye mkwaruzo wa puli ili tuuone. Niliuleta hadi digrii 7 kabla ya kilele, nikija kwa mbele tu. Ukipitiliza, rudi nyuma sana kisha uje tena, ili mlegeo wa cheni usikudanganye. Waya mmoja wa balbu niliufunga kwenye koili, pale waya wa distributa unapoingia, mwingine kwenye chuma cha injini. Tukawasha swichi. Pointi zikiwa zimefungana, umeme unashuka kupitia kwao na balbu haiwaki. Zikiachana, umeme unakosa njia nyingine na balbu inawaka. Nikalegeza bolti ya distributa, nikaizungusha kufuata rota hadi balbu ikazima, kisha nikairudisha nyuma polepole mno, kinyume cha rota. Watu wote wa nyumba walikuwa wameinamia balbu moja ndogo. Ilipowaka, binti akapiga kelele. Nikakaza bolti bila kupumua.

Nilikagua pia vile vyuma vya ndani: ukizungusha rota kwa vidole na kuiachia, lazima irudi yenyewe, na ilirudi. Mrija wa mpira ndio uliokuwa na ufa wa urefu wa ukucha, kwa hiyo hata kile kidogo ambacho ungeongeza ulikuwa unakimwaga njiani. Nilinyonya upande wa distributa kwa mdomo, nikaona sahani ya pointi inasogea. Kiwambo kinachoisogeza kilikuwa kizima. Wifi, bibi harusi mtarajiwa, akaingia chumbani kwake akatoka na mrija mpya wa dripu uliopitwa na tarehe. Si kitu cha kuachwa karibu na joto la injini, lakini kwa usiku ule ulifaa.

Skrubu ya kabureta ikarudishwa pale mume wangu anapokumbuka ilikuwa. Stata ikapigwa, na injini ikashika kabla pigo la kwanza halijakamilika. Ikatulia, ikaunguruma kwa mkato ule wa Datsun ninaoujua. Shemeji, asiye na nyusi, alicheka hadi akakaa chini.

Viti vilifika asubuhi. Posa ilipokelewa, mshenga aliieleza hadithi ya migombani mwenyewe, mbele ya wageni, na wakwe wa Mlalo wakasema nyumba yenye wanawake wa namna hii wataoa bila kuuliza zaidi.

Lakini taimingi haijaisha mpaka gari libebe mzigo. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni baridi na nyepesi. Mombo iko chini kwa takriban mita 1,000, kuna joto, na hewa nzito inajaza silinda vizuri zaidi. Injini iliyo kimya huku kwetu inaweza kugonga kule. Wiki iliyofuata tulishuka na kabichi tukapanda na saruji, mimi katikati, mama mkwe dirishani. Nguvu zilikuwa zimerudi, gia ya tatu inakaa, sindano ya joto haitikisiki. Ila kwenye mwinuko wa kwanza, mume wangu alipokanyaga, nilisikia mlio mkavu chini ya boneti, tik-tik-tik, unaokuja na mzigo na kuondoka akiachia. Nilimwambia asimame. Nikalegeza bolti, nikaisogeza distributa kidogo sana kufuata rota, kiasi cha digrii mbili, nikakaza. Tukaendelea, na mlio haukurudi hadi nyumbani. Wapita njia walikuwepo wengi. Mmoja alimsalimia baba mkwe, aliyekuwa nyuma juu ya saruji, akamuuliza gari lina nini. Alimjibu kwamba mkwewe anaweka taimingi, na kwamba mwinuko wa Mombo unataka digrii 5.

Mrija wa dripu tumeshauondoa, tukapata wa mpira. Shemeji anakwenda Dar es Salaam mwisho wa mwezi, na atapitia dukani Gerezani. Baba mkwe amemwagiza alete pointi mbili, asikubali zinazoyumba kwenye mhimili wake, na asirudi bila thamostati.